Budongo ya Lengalenga mu Akwariomu ya Mama Mukwe

Mwanangu, mbele ya kufungua ile saki ya budongo yenye ulileta juu ya akwariomu yako, kaa kwanza chini. Weka saki pembeni. Na usicheke. Minayua: niko na myaka makumi mbili na saba, ndevu yangu unaweza kuihesabu na vidole, na bazee ya kweli ya hii avenue bakinisikia namna minakuita "mwanangu", batanifukuza na fimbo. Lakini mu mambo ya samaki na budongo, mi niko muzee. Nilizeeka mu siku tano. Ngoya nikuelezee, juu minaona vile unaangalia ile saki, na roho yangu haikae pamoya.

Unamuyua Mama Ngoie, mama ya bibi yangu Béa. Leo unamuona anapita hapa na fimbo yake, anauliza kila muntu kama alikula. Ile wakati minasema, Béa hakukuwa bado bibi yangu. Alikuwa bibi nusu: mi nilisema ndiyo, yee alisema ndiyo, kulibakia mama yake tu. Na mama yake alikuwa mu kitanda. Alianguka mu matope nyuma ya nyumba yabo, hapa hapa Hewa Bora, muguu ikavunjika huku juu, na docteur akamuambia: miezi mingi bila kusimama. Muntu mwenye alikuwa anaamuka mbele ya jogoo juu ya kumwangilia mayi lengalenga yake, ile mboga ya bustani, sasa analala mu salon, anaangalia ukuta.

Kazi yangu njo hii unaona: kukata vitre, ni kusema kioo, kubandika na silicone, kutengeneza akwariomu, nyumba ya kioo ya samaki. Nikamuletea moya. Tusamaki tano ndani, twekundu, mukia murefu sawa kisu, changarawe chini, na maua ya plastike. Toka ile siku akaacha ukuta, akaangalia samaki. Akabapa majina. Kulikuwa Pasteur, juu hakukuwa ananyamaza kinywa. Kulikuwa Koko na Mapendo, benye kutembea pamoya kila siku. Kulikuwa Mudogo. Na kulikuwa Kasumbalesa, ule mukubwa, mwenye alikuwa anakaa ku kona moya tu, kichwa mbele, anangoya chakula sawa kamyon inangoya kuvuka mupaka ku frontière ya Kasumbalesa.

Sasa sikia shida. Kwabo Béa, kijana mwenye anatafuta binti hasemeshane na mama ya binti mbele ya kuingizwa. Kuingizwa, ni ile siku mama mwenyewe anamupa bukari, ugali yetu, na mukono yake, kijana anakula mbele yake, njo kinywa inafunguka kati yabo. Kama haiyafika pale, unainamisha macho, unapita pembeni. Mais nani ataosha akwariomu yenye iko pembeni ya kitanda ya mukwe? Ni mi tu. Donc ninaingia, macho chini sawa muntu mwenye kutafuta sindano yenye ilianguka, ninafanya kazi, na Mama akiwa na neno, hanisemeshe mi. Anasemesha samaki.

"Kasumbalesa," anasema, "ambia ule kijana akuongezee mayi."

Na mi ninajibu ku vitre: "Kasumbalesa, ambia Mama mayi inakuya."

Béa alikuwa anacheka kule ku cuisine mpaka anakaa chini. Cheka na weye, mwanangu. Ni pahali ya mwisho ya kucheka, ao karibu.

Ile mardi, jumanne, Mama aliangalia yale maua ya plastike, akasema pole pole: "Kasumbalesa, hii mayani yako haikufe, lakini haimee. Mi niko na hamu ya kuona kintu yenye inamea."

Ile neno iliniingia hapa, mu kifua. Nikasema: nitamuletea bustani yake ndani ya salon. Hapana ya plastike. Mayani ya kweli, mizizi mu budongo, mu budongo yake yeye mwenyewe, na samaki inapita katikati. Na siku ya Mungu, jumapili yenye ilikuwa inakuya, ba oncle ya Béa, bandugu ya Mama, balikuwa batakuya kukaa na Mama, bamuulize: huyu kijana, tupokee bantu yake, ao tumurudishe kwabo? Nikahesabu: mardi, mercredi, jeudi, vendredi, samedi. Siku tano. Nikasema inatosha.

Haikutosha. Na nilikuwa nimeambiwa.

Vieux Sefu, muzee ya kazi yetu, njo alinifundisha kukata vitre. Babu yake alitoka Maniema, na mikono yake haitetemeke ata leo. Habari ya budongo alikuwa amenielezea zamani: "Budongo iko sawa muhogo ya bukali. Ukiikula vile unaichimbua, inakuua. Inalowekwa, inaanikwa, inalowekwa tena. Ichunge, toa mizizi, toa tujiti. Iloweke mu bassin, mwanga ile mayi yenye inakuwa sawa chai, anika ku jua mpaka ipasuke. Fanya vile mara ine. Kisha weka nyembamba, vidole bibili tu ya kulala, funika na muchanga yenye ulisafisha mpaka mayi yake unaweza kunywa. Panda mayani mingi. Badilisha mayi. Na samaki ingoye pembeni, majuma tatu ao ine. Mayani njo mwenye nyumba. Samaki ni mugeni."

Mi nikajibu "ndiyo Vieux, ndiyo Vieux", na muguu moya iko tayari mu barabara. Mwenye haraka anasikia sauti, hasikie maneno.

Nikaenda nyuma ya nyumba ya Mama na pelle ya kuchimbia. Bustani ilikuwa imelala, mayani mubaya kila pahali. Lakini pembeni ya nyumba ya kuku, mwanangu! Budongo nyeusi, laini sawa keki, na lengalenga moya yenye ilijimea pale kandokando imefika ku kifua yangu. Nikasema: kama lengalenga inafika hapa, mayani ya akwariomu itatoboa toiture ya nyumba. Nikajaza ndoo mbili. Vieux alisema vidole bibili ya kulala. Mi nikaweka kiganja muzima ya kusimama. Vieux hakusema nitie kintu ingine. Mi nikakuta ile engrais, mbolea nyeupe ya mahindi, ilibakia mu kopo, nikatupa mukono moya ndani. Akili yangu ilikuwa inaniambia: kama kidogo iko muzuri, mingi itakuwa muzuri zaidi. Ni akili ya mupishi mwenye anamwanga chumvi yote mu nyungu juu chumvi inaleta utamu. Muchanga kidogo juu, mayani yenye nilitoa ku mutoni, mayi, na ile ile saa samaki yote tano ndani.

Mercredi mayi ikatulia, ikakuwa safi. Mayani ikasimama, kibichi vile, na Kasumbalesa anapita katikati sawa chef mu shamba yake. Béa akainua mama yake na mito mibili. Mama akaangalia. Akaangalia sana. Kisha akacheka. Kicheko yake mi sikuisikiaka toka aanguke. Ilikuwa ya chini, sawa muntu anasukuma kiti. Akasema: "Kasumbalesa, ambia ule kijana: hii ni budongo yangu. Ninaiyua ata mu mayi."

Nilirudi kwetu ninapiga muluzi. Muntu mwenye kuweka sumu na hayue, anapigaka muluzi muzuri sana.

Jeudi asubui niliingia macho chini sawa kawaida. Ata bila kuinua kichwa niliona: chini mu mayani hamuna samaki. Beko juu. Tusamaki tano, vinywa ku uso ya mayi, kufungua, kufunga, kufungua, kufunga. Harufu kidogo sawa ya nyumba ya kuku.

"Kasumbalesa," Mama akasema, "juu ya nini leo unapumua sawa muntu mwenye kukimbia?"

Pale, mwanangu, njo nilikosa. Ya budongo ilikuwa ujinga tu. Ujinga unaweza kuoga, unatoka. Ningesema: Mama, siyue, ninaogopa. Lakini niliogopa ba oncle. Niliogopa Béa anirudishie maneno yake. Na kupita yote niliogopa ile kicheko ya jana ikufe. Nikasema ku vitre: "Kasumbalesa, ambia Mama muko munaimba. Muko na Pasteur, munafanya répétition ya kwaya ya siku ya Mungu."

Béa alicheka ku cuisine. Mama hakucheka.

Saa sita ya muchana courant ya umeme ikakatika, na ka machine ka kupuliza hewa kakanyamaza. Nikachukua gobelet, kikombe ya kunywia. Ninateka mayi, ninainua, ninamwanga toka juu, juu hewa iingie. Ninateka, ninainua, ninamwanga. Mukono ya kuume ikichoka, ya kushoto. Ile courant siyue ilienda kutembelea nani, ilirudi mangaribi. Saa yote ile niko pale, mugongo ku Mama, minasikia macho yake ku shingo. Kimya ya mama mukwe, mwanangu, iko na kilo.

Vendredi Pasteur akanyamaza kinywa. Nilimukuta nyuma ya filtre ya kusafisha mayi, tumbo juu. Nikageuza jicho: Mama amefunga macho, analala. Nikamutoa mbio mbio na vidole, na pale pale sauti ya Béa ku mulango: "Samaki inaendelea namna gani?" Nikatia Pasteur mu mufuko ya patalo. Nikasema: "Inaendelea muzuri." Béa akaegama ku mulango, akaanza habari ya ba oncle, nani atakaa wapi, kuku ngapi itachinjwa, na mi niko ninaitika, Pasteur iko baridi ku paja yangu, na mayi yake inashuka pole pole mu patalo. Béa akaangalia patalo. Akaangalia uso yangu.

"Uko mugonjwa?"

Nikasema ndiyo. Ile moya haikukuwa buongo.

Samedi nikakimbia kwa Vieux Sefu. Nilimukuta anapima vitre. Nikamuelezea yote: pembeni ya kuku, kiganja muzima, bila kuloweka, samaki siku ile ile. Nilipofika ku engrais, akaweka crayon yake ya kuchora chini.

"Mon petit," akasema, "umeisha kuona muntu mwenye anafungia bageni yake mu choo, kisha anabatupia maua?"

"Hapana, Vieux."

"Angalia mu hii vitre."

Nikaangalia. Nilikuwa mi.

Akanielezea pole pole sawa unaelezea mutoto: mavi ya kuku yenye haiyapumzika, na engrais juu yake, inatoa sumu mu mayi. Haionekane. Mayi iko safi, unaweza kusoma kitabu kupitia pale, na samaki inaungua mu mashavu, pahali inapumulia. Mayani ile kidogo haiwezi kukula chakula ya kijiji muzima. "Toa samaki leo," akasema. "Weka mu ndoo, mayi safi yenye ilipumzika. Kisha toa budongo yote, anza mwanzo."

"Vieux, nikitoa samaki, Mama ataona akwariomu iko tupu."

"Ndiyo."

"Atayua."

Akanitazama. "Weye unaogopa samaki ikufe, ao unaogopa Mama ayue?"

Akarudia vitre yake. Mwenye hasikie ya mukubwa, atavunjika. Mi niliambiwa mara mbili, na muntu moya.

Unafikiri nilienda kutoa samaki? Nilienda, nikabadilisha mayi nusu, na samaki nikabaacha ndani. Nikaambia roho yangu: siku moya tu. Ba oncle bakuye, bakule, baseme ndiyo, na kesho yake nitatengeneza yote. Siku moya. Kisha sikulala. Nilikuwa ninahesabu: ine. Beko ine. Mungu, acha babakie ine mpaka mangaribi ya kesho, na sitakuomba kintu tena mwaka huu.

Siku ya Mungu asubui balikuwa tatu.

Kasumbalesa alikuwa chini, ku kona yake, kichwa mbele, sawa kila siku. Nilizani anangoya chakula. Nikagusa vitre na kidole. Hakugeuka. Nikapiga magoti pale, nikasikia Mama anavuta pumzi nyuma yangu, na nikangoya aseme: Kasumbalesa, ambia ule kijana. Hakusema. Angesemesha nani? Ule mwenye alikuwa anatupitishia maneno alikuwa amekufa.

Ba oncle balikuwa mu njia. Ku cuisine kuku ilikuwa inachemuka. Ningeweza kumutoa na kumutia mu patalo sawa Pasteur. Mukono yangu ata ilienda peke yake mpaka ku mufuko. Kisha nikasikia ile mufuko, bado iko na bumajimaji ya vendredi, ao ni mi nilikuwa ninawaza vile. Siyue. Niligeuka. Niliinua macho, nikamuangalia mama ya Béa mu uso, kintu yenye haifanyikake. Alikuwa mudogo kupita vile nilizani.

"Mama," nikasema, "nilibaua. Habakukuwa banaimba. Ninakudanganya toka jeudi. Pasteur alikuwa mu patalo yangu."

Ku cuisine kijiko ikaanguka. Béa alisikia sauti yangu inasemesha mama yake, na anayua ile ni nini kwabo.

"Ninayua Pasteur alikuwa mu patalo," Mama akasema. Akaniambia mi. Hakuambia vitre. "Mi ninalala hapa toka asubui mpaka mangaribi, sina kazi ingine isipokuwa kuangalia hii mayi. Unafikiri nani alimuona mbele? Nilifunga macho juu nikupe nafasi ya kusema. Jeudi nilikupa nafasi. Vendredi nilikupa. Jana nikasema, leo atasema. Ukabadilisha mayi, ukaambia samaki, mumuambie Mama mayi leo iko na uso muzuri."

"Niliogopa, Mama."

"Na beye basamaki, habakuogopa?"

Ungesema nini, mwanangu?

"Ulichimba wapi ile budongo?"

"Pembeni ya nyumba ya kuku."

Akapiga kitanda na mukono. "Weye! Ile ata mi siipandake vile! Njo pale ninatupa mavi ya kuku yote. Nikitaka kupanda, ninaitoa, ninaieneza, mvua inainyeshea, jua inaipiga, mwezi muzima, njo lengalenga inaikubali. Ukipanda siku ile ile, mayani inaungua pembeni, inakuwa sawa karatasi mu moto. Kintu yenye inaunguza lengalenga, ka samaki katafanya nini? Ningekuambia. Ungeuliza ata hii kitanda, ingekuambia." Akapumua. "Béa! Leta ile ndoo ya mayi ya jana, ile haiyaguswa. We, toa bale batatu. Kisha toa budongo, yote."

"Mama, ba oncle banafika."

"Bafike."

Njo vile balinikuta. Ba oncle bawili, banavaa veste, viatu inangaa, banaingia mu salon, na mi niko magoti pembeni ya kitanda ya mama mukwe, matope nyeusi mpaka ku viwiko, nyumba muzima inanuka kuku, na Kasumbalesa amelazwa ku sahani ndogo sawa chef mwenye kufa. Ule oncle mukubwa alibaki ku mulango.

"Huyu njo yeye?"

"Njo yeye," Mama akasema.

"Na hii harufu ni ya nini?"

"Ya buongo ya siku tatu, inatoka. Ingieni, mukae."

Oncle akakaa ku mwisho ya kiti. "Dada, ninasikia anakusemesha. Nani alimuingiza?"

Mama akaniangalia muda murefu. Mi niliangalia ndoo. Mule tusamaki tatu tulikuwa bado tunafungua kinywa, na mi nilikuwa ninapumua pamoya nabo.

"Béa," akasema, "leta bukari. Ya huyu ilete kwangu, nimupe na mukono yangu."

"Na ile mikono yake?" oncle mudogo akauliza.

"Aoshe kwanza. Mara mbili." Kisha akageukia bandugu yake: "Siku tatu alificha. Ya ine alisema, na hakuna muntu alimufunga kamba. Mi nilikuwa na bwana, Mungu amupumzishe, mwenye alificha mpaka siku ya kilio, na batoto yake ingine tukayuana nabo pale pale ku kaburi."

Ba oncle bakakohoa, bote bawili.

Nilikula ile bukari na machozi, na sitakudanganya: sikuisikia utamu. Jicho yangu moya ilikuwa mu ndoo. Koko, Mapendo, Mudogo. Hakuna muntu aliniambia batapona. Bakwe balinipokea mangaribi ile, bakapeana mikono, na mi ninapeana mukono huku ninahesabu: tatu, tatu, bado tatu. Siku ya pili yake Mapendo alishuka toka juu, akatembea kidogo. Koko akamufuata. Mudogo alituogopesha siku mbili tena.

Kisha tukaanza mwanzo, na mwalimu alikuwa mu kitanda. Mama alisema tuvute kitanda ku dirisha, na toka pale anatoa amri. Nilichukua budongo ya katikati ya bustani, mbali na kuku. Nikaichunga na tamis ya zamani ya bunga. Nikaiweka mu bassin ku baraza, nikailoweka, nikamwanga mayi yake ku lengalenga, nikaianika, nikaigeuza, nikailoweka. Nikiuliza "Mama, imetosha?" anasema, "Nipe ninuse." Ananusa. "Bado iko na hasira." Mara ya tatu: "Hasira imepungua." Mara ya ine akaiminya mu kiganja, akanusa, akasema: "Sasa inanuka mvua." Vidole bibili. Muchanga juu. Mayani mingi mpaka muchanga haionekane. Mayi nilimwanga pole pole juu ya sahani yenye kuwekwa chini, juu isichimbe muchanga. Na juu yake Mama akatuma Béa akate matembele mu bustani, tukaegamiza vijiti vyake ku mudomo ya vitre, mizizi inaning'inia mu mayi, mayani nje. "Matembele inakula yote yenye inabakia," akasema. "Iko sawa bakwe." Hakuna engrais. Majuma ine tulingoya, na batatu bale banakaa mu ndoo sawa baabiria. Leo uende uone: banakuwa wengi, Mama ameacha kubahesabu, na siku ingine tunakula matembele yenye ilimea juu ya vichwa yabo.

Sasa, mwanangu, saki yako. Ninakuomba, budongo ya mu vitre isiingie siku ile inachimbwa. Ipe wakati ya kukasirika mbali na samaki. Na usiichimbe kwa migodi, ku pahali ata nyasi inaogopa kumea. Hii inchi yetu iko na shaba kila pahali, na samaki haikunywake shaba. Weka kidogo. Siku moya moya, choma muchanga na kijiti pole pole. Ukiona mapovu inatoka na inanuka sawa yai mubovu, uliweka mingi. Mayani yenyewe itakuambia njaa yake: jani likikuwa manjano, inaomba, ukiona nyuzi ya rangi ya mayani inashika ku vitre sawa ndevu, ulibapa chakula kupita, punguza chakula, punguza taa, badilisha mayi. Haba na haba njo inajaza kibaba, na mukono moya ya engrais njo inajaza kaburi.

Lakini hii yote ni ya budongo, na budongo nilikuambia ni ujinga, unaoga. Ile ingine njo inaniamusha mpaka leo. Asubui ninahesabu samaki ya kila muntu, ata ya bantu yenye sibayue. Kasumbalesa alikufa samedi kuamukia siku ya Mungu, na samedi saa ine Vieux alikuwa ameisha kuniambia toa. Hakuuliwa na mavi ya kuku. Aliuliwa na siku moya tu. Ukiona kinywa iko juu ya mayi, sema. Sema ku mwenye samaki, sema ata kama anakutisha, ata kama ba oncle beko ku mulango. Muntu mwenye analala na anaangalia vitre saa yote, anaona mbele yako.

Haya, fungua saki. Sogeza, ninuse. Ulichimba wapi?

Mungu akupe mayi safi na budongo yenye ilipumzika. Akupe mama mukwe mwenye kufunga macho siku mbili, hapana tatu. Na ile siku mayi itakuharibikia, juu itakuharibikia, akupe kinywa ya kusema mbele ya kukupa mufuko ya kuficha.